Msiba Usio na Jeneza

Mtu akifa Zanzibar, maiti haijaoshwa turubai limeshafungwa nje na mikeka imeshatandikwa. Wanaume hukaa barazani, wanawake ndani, na jirani ambaye hakuitwa na mtu ndiye anayeinjika birika la chai. Mfiwa haachwi peke yake. Naamini hapo ndipo imani ya watu wa visiwa hivi inapopata nguvu wakati wa dhiki: mfiwa hadaiwi imani siku ile ile. Wenzake humshikia mpaka aweze kuibeba mwenyewe.

Tazama hitima. Juzuu 30 hutolewa sandukuni zikagawiwa, kila mtu na yake, na baada ya muda si mrefu Kurani nzima imesomwa. Mwenye msiba, ambaye huenda koo limemkauka na macho hayaoni herufi, hana analotakiwa kufanya ila kuitikia amina. Kabla ya hapo, maiti inapopelekwa kusaliwa, ndugu husimama mbele ya jeneza akawaomba watu wamsamehe marehemu, na anayemdai ajitokeze kwa familia. Mara nyingine mtu hujibu pale pale, kwa sauti, kwamba deni lake amelisamehe. Kisha jeneza hunyanyuliwa, na kila mwanamume hujipenyeza bega lake liuguse ubao, hata kwa hatua chache, ampishe mwengine.

Mazishi hayo yanahitaji mwili. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyopakia watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu walikwenda viwanja vya Maisara kutambua jamaa zao. Mamia wengine hawakuonekana kabisa. Kwao hapakuwa na kuosha, wala sanda, wala kafuri, wala jeneza la kutiwa bega.

Kilichobaki ni mikeka. Watu walikaa matanga, wakasoma, wakaomba dua. Sheria ya dini imeweka sala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo mbele ya wanaomsalia, na hadithi za Mtume zinamhesabu aliyekufa maji kuwa shahidi. Kwa mama ambaye mwanawe amebaki baharini, maneno hayo ni kamba ya kushika, na akiyasema si kwa kuwa ameacha kuumia. Mke wa asiyeonekana ana mtihani wake pia. Eda ya aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi, bila mapambo wala manukato. Lakini ataanzaje kuihesabu, ilhali hajui kama ni mjane? Hilo ni la kupelekwa kwa kadhi, na kungoja uamuzi ni aina ya subira ambayo watu hawaizungumzii sana.

Kuna jambo moja matangani linaniudhi: mtu kumnyamazisha mfiwa kwa kumwambia kulia ni kumkufuru Mungu. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka, na bado subira yake ndiyo tunayofundishana. Kazi ya Mungu haina makosa, ndiyo, lakini kauli hiyo ina utamu ikitoka kinywani mwa aliyefiwa. Ikitangulia kusemwa na mgeni aliyekuja kunywa chai, humziba mfiwa mdomo tu.

Pwani ya Waswahili ina mfano wa zamani wa mtu aliyezungumza na Mola wake bila kuficha maumivu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Watu wengi huukumbuka kwa wasia wa namna ya kuishi na mume, na ni hasara, maana humo mna dua: anamwomba Mungu amponye, na anamkabidhi wanawe na jamaa zake. Uponyaji aliouomba haukuja. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Dua zake zimesomwa na wanawake wa Lamu na Pate, kizazi baada ya kizazi, wakiwemo wagonjwa na wajane kama yeye.