Koo la Mtoto na Milango ya Moyo

Safari hii tunaandika juu ya moyo, na hasa juu ya ugonjwa mmoja wa moyo unaoanzia kooni.

Watu wa Idete hawahitaji kufundishwa utafiti ni nini. Watoto 586 wa hapa, wa mwaka 1 hadi 5, walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo SPf66. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994, nayo yalionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio ya baadaye huko Gambia na Thailand hayakuiona kinga hiyo, na chanjo ikaachwa. Sayansi huenda hivyo, hatua mbele na hatua nyuma.

Moyo nao una watafiti wake Afrika Mashariki. Mmoja ni Dk. Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, ambaye kwa miaka mingi ameshughulika na ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 40 duniani wanaishi nao, wengi wao katika nchi maskini. Nchini kwetu, utafiti ulioongozwa na Dk. Abel Makubi na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza wagonjwa 427 wa Muhimbili ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi. Asilimia 12 yao chanzo kilikuwa ugonjwa huu.

Koo na moyo vinahusianaje? Mtoto akiumwa koo, mara nyingi ni virusi na hupona mwenyewe. Mara nyingine ni bakteria waitwao streptokokasi wa kundi A. Hapo mwili hupiga mbiu ya mgambo. Seli zilizomwona mgeni hutoa kemikali. Kemikali hizo hushika vipokezi vilivyo juu ya seli nyingine, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Na seli hizo huamka, nyingine zikaanza kutengeneza kingamwili. Seli hazina mdomo, huzungumza kwa njia hiyo.

Tatizo ni kwamba protini iliyo juu ya bakteria hao inafanana na protini za moyo wenyewe. Profesa Madeleine Cunningham wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, amefanya kazi kwa miongo kadhaa kuonyesha mfanano huo. Ni kama sungusungu walioambiwa mwizi amevaa shati jekundu, kisha wakamkuta mwenye nyumba naye kavaa jekundu. Kingamwili huvamia vali, yaani milango ya moyo. Ukuta wa vali uliojeruhiwa nao hutoa ishara za kuita askari zaidi. Baadaye ujumbe mwingine huziamuru seli za vali zitengeneze kovu. Homa ikirudi, kovu huongezeka, hadi mlango unakuwa mgumu, haufunguki vizuri wala haufungi.

Mtoto huyo anaweza kucheza mpira miaka mingi bila mtu kujua. Kwa wasichana, mara nyingi ugonjwa hujitokeza katika ujauzito, damu inapoongezeka na moyo kutakiwa kufanya kazi zaidi. Mama anakosa pumzi akilala, miguu inavimba, na watu wanasema ni mimba tu. Kubadilisha vali ni upasuaji mkubwa. Kwa mkazi wa bonde la Kilombero maana yake ni safari hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na baadaye dawa za maisha.

Ndiyo maana matokeo ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, yalitufurahisha. Dk. Okello, pamoja na Dk. Andrea Beaton wa Marekani na wenzao, walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, waliokuwa na dalili za mwanzo zisizoonekana kwa macho, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walichomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki 4, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitolewa Novemba 2021. Baada ya miaka 2 ugonjwa uliongezeka kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa.

Tusitie chumvi. Ni kuchoma watoto 13 au 14 kwa miaka 2 ili kumwokoa mmoja asizidiwe, na sindano hiyo inauma kweli. Tena kupata mashine na wataalamu wa kupima shule nzima si jambo la kesho. Lakini penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na wafadhili wanaotuuliza juu ya mashine tungewaomba kwanza waulize kama zahanati ina dawa hiyo mwaka mzima.

Kwa kamati za parokia, kazi iliyo karibu ni koo lenyewe. Bado wapo wanaompeleka mtoto kukatwa kimeo. Kukata hakuondoi streptokokasi, na huleta damu na maambukizi mapya. Mtoto mwenye homa na koo linalouma, tezi za shingo zimevimba na hana kikohozi wala mafua, apelekwe zahanati mapema, na dawa akipewa azimalize zote. Wiki 2 au 3 baadaye akilalamika magoti yanauma na kuvimba, kisha maumivu yakahamia viwiko au vifundo vya miguu, arudishwe siku hiyohiyo, na mganga aambiwe kwamba aliumwa koo.