Tabaka Tatu, Bila Sukari Wala Asali

Katika nyumba nyingi za Kitui, hasa upande wa Mwingi, mgeni mwenye kisukari huambiwa ale asali bila hofu, eti ya nyuki haina madhara kama ya dukani. Mama mkwe wangu aliamini hivyo kwa muda mrefu, hadi nilipomwambia, "Mwaitu, asali nayo ni sukari." Katika gramu 100 za asali, takriban 80 ni sukari. Embe letu la Makueni ni tunda zuri, lakini lina gramu 14 hivi za sukari katika kila gramu 100, na likikaushwa huzidi mara kadhaa. Basi nilipotaka kumwandalia kitu kitamu cha tabaka, hivyo viwili niliviweka kando.

Vilivyobaki ni vingi: karanga, mala, na mabuyu ya Kibwezi na Mutomo. Nasema unga mweupe wa ubuyu wenyewe, si yale mekundu yaliyopikwa kwa sukari na rangi. Nazi hutufikia kutoka Pwani.

Tabaka la chini ni karanga badala ya unga wa ngano. Ngano ina wanga gramu 75 hivi kwa 100; karanga, ukitoa nyuzinyuzi, hazifiki 10. Lakini zichague kwa makini sana. Mwaka wa 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na wengi wa walioathirika walikuwa wa Makueni na Kitui. Kuvu inayotoa sumu hiyo hupenda karanga pia, na kukaanga hakuimalizi. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Kuku nao usiwape.

Kaanga vikombe viwili, sugua, pepeta maganda, kisha twanga ziwe chenga. Changanya na kikombe cha nazi kavu isiyo na sukari, vijiko vinne vya siagi iliyoyeyushwa, yai moja na chumvi kidogo. Shindilia kwenye sufuria pana iliyopakwa siagi, uoke dakika 12 hivi. Mimi hutumia jiko la makaa: moto kidogo chini, mwingi juu ya kifuniko.

La kati linaanza jana yake. Lita moja na nusu ya mala isiyo na sukari itundike kwenye kitambaa safi usiku kucha, mahali penye baridi. Maji hutoka na sehemu ya sukari ya maziwa, pakabaki mtindi mzito. Piga na mayai mawili, vijiko viwili vya ubuyu na stevia kidogo sana, kwa maana ikizidi huacha uchungu. Mimina juu ya karanga, oka hadi kingo zishike na katikati patikisike kidogo. Usisubiri rangi ya kahawia. Sukari ndiyo inayosaidia keki kupata rangi hiyo. Bila sukari, ukingoja rangi utakausha kila kitu.

Ikishapoa kabisa, pasha tui zito nusu kikombe, koroga na vijiko vinne vya kakao isiyo na sukari, siagi kijiko kimoja na stevia, tandaza juu. Ukipenda eritritoli badala ya stevia, inayopatikana supamaketi kubwa za Nairobi, isage kwanza, la sivyo itachakarika mdomoni. Acha kwenye friji hadi kesho. Kisu kichovye katika maji moto, ukipanguse kila unapokata.

Napata vipande 16, na kwa hesabu yangu kila kimoja kina wanga gramu 4 hivi, mbali na nyuzinyuzi. Mama mkwe hula kimoja na chai kavu ya saa kumi. Anayetumia insulini azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga katika mlo wake mzima, kwa sababu dozi iliyopimwa kwa ugali na chai ya sukari inaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi.