Homa Imekwisha, Viungo Bado

Labda nyumbani kwako yumo mama aliyeugua chikungunya. Homa ilimwacha baada ya juma moja, nanyi mkamshukuru Mungu. Lakini sasa ni mwezi wa tatu, na akiamka alfajiri hawezi kufumba vidole, wala kukamua nguo, wala kushuka kitandani bila kushika ukuta. Majirani wameanza kunong'ona kwamba amezoea kulala. Hasha! Huyo si mvivu.

Maradhi haya jina lake ni la kwetu. Yalipozuka upande wa Newala mwaka 1952 na 1953, Wamakonde waliyaita hivyo kwa sababu humkunja mtu kwa maumivu, na madaktari wa dunia nzima wakalichukua neno lao. Mwaka 2004 yaliingia Lamu na Mombasa, mwaka uliofuata Komoro. Na huko Réunion, mwaka 2005 na 2006, yalimpata zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu. Kirusi chake huchukuliwa na mbu aumaye mchana, yule mweusi mwenye madoa meupe. Wengi hupona upesi. Wengine hubaki na maumivu ya viungo miezi mingi, hata miaka.

Basi, mama huyo atunzwe vipi? Dawa ya kuua kirusi chenyewe haijapatikana. Za kutuliza maumivu zipo, nazo daktari ndiye wa kuzitoa, si jirani. Lakini kazi kubwa ni ya mazoezi, na hapa wengi hukosea. Mmoja hulala tu, viungo vikakaza zaidi. Mwingine, siku apatapo nafuu, hushika jembe tangu asubuhi hadi adhuhuri kufidia kazi zilizolala, na kesho yake hawezi kusimama. Bora kidogo kidogo kila siku. Asubuhi atie mikono katika maji ya uvuguvugu, afumbe na kufumbua vidole polepole, kisha akunje magoti na kuyanyosha. Maumivu yakizidi, na kesho yake yangalipo, ajue amepita kiasi, apunguze.

Mpini wa jembe na wa mwiko uviringishwe vitambaa uwe mnene, vidole visilazimike kubana sana. Ndoo ijazwe nusu. Nguo afue kijana, hata wa kiume. Sijasikia bado sheria inayomkataza.

Hospitali nyingi kubwa zina mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mwulizeni daktari habari zake, msingoje awaambie, maana mara nyingi mgonjwa hupewa vidonge na kurudishwa nyumbani, kana kwamba homa ikiisha yote yamekwisha. Nionavyo mimi, hilo ni kosa kubwa. Tena viungo vikikaa vimevimba majuma mengi, arudi apimwe, kwani yaweza kuwa baridi yabisi, nayo ina dawa zake.

Na mumewe afuatane naye, aonyeshwe mazoezi hayo, apate kumkumbusha siku atakapochoka kuyafanya.