Vitabu vya ajabu vya Kiswahili ambavyo orodha za shule zimevificha

MPENZI wa riwaya akiombwa ataje vitabu vitano vya Kiswahili alivyowahi kusoma, mara nyingi hutaja vile alivyofanyia mtihani. Hastahili lawama. Kwa miongo mingi, soko la vitabu nchini Tanzania na Kenya limetegemea shule, na kitabu kisichoingia katika orodha hizo huweza kuchapwa mara moja tu, kikauzwa taratibu, kisha kikatoweka madukani. Vinavyoumia zaidi ni vile vyenye vituko, yaani vitabu ambavyo mtunga mitihani hajui avitungie swali gani.

Hivyo ndivyo vinavyomfaa msomaji anayedhani kwamba fasihi ya Kiswahili ameimaliza akiwa kidato cha nne.

Cha kuanzia ni cha zamani sana. Mwaka 1896, Selim bin Abakari, mzaliwa wa Komoro, alifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia, Dk. Theodor Bumiller, katika safari ya Urusi, Siberia na Asia ya Kati. Aliiandika safari hiyo kwa Kiswahili. Masimulizi yake yalichapwa mwaka 1901 katika mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli, ulioandaliwa na Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin.

Uzito wa maandishi hayo unaonekana mtu akikumbuka zama zake. Hizo ndizo siku ambazo wasafiri wa Ulaya walikuwa wakirejea makwao na mavitabu makubwa kuhusu Afrika, wakipima mila, vyakula na nyumba za watu kwa macho ya mgeni. Kwa Selim, meza imegeuka. Mtu wa Bahari ya Hindi ndiye anayetazama, na wanaotazamwa ni watu wa Urusi na wa nyika za Asia ya Kati. Mizani ni ya Mswahili, na msamiati ni wa mtu aliyezoea majahazi na misafara.

Hata hivyo, msomaji asisahau nani alikuwa ameshika mkoba wa safari. Selim alikuwa mtumishi, na Velten ndiye aliyewahimiza wasimulizi wake waandike. Kwa sababu hiyo kitabu kinasomwa kwa macho mawili: moja kwa yanayosemwa, la pili kwa yale ambayo mtumishi asingeweza kuyasema. Tahajia ni ya kale na kurasa za mwanzo husumbua kidogo, lakini jicho huzoea upesi. Mkusanyiko huohuo una safari ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kupitia Udoe na Uzigua, nayo si ya kupuuzwa.

Kutoka safari za kweli, zipo za kubuni. Mwaka 1995, Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi. Ndani yake, Dzombo anahukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili kimpoteze. Badala ya kufa, anafika Walenisi, nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Jina hilo likikatwa vipande linasomeka "wale ni sisi", na hapo ndipo mzaha unapougeukia uso wa msomaji. Aliyesoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, atauona undugu mara moja: naye Shaaban Robert aliiweka nchi yake angani, pengine kwa kuwa huko juu mambo ya utawala yanasemeka kwa urahisi zaidi kuliko ardhini. Ajabu ni kwamba Kusadikika inafahamika na karibu kila aliyepita sekondari, ilhali Walenisi haijapata umaarufu unaoikaribia.

Kisha yuko Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki dunia mwaka 2020. Wengi wanamjua kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971, riwaya inayoeleweka vizuri na iliyozua mjadala mkali. Ni wachache wanaojua kwamba miaka 20 baadaye mtu huyohuyo aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vijitabu viwili ambavyo kila kimoja hakifiki kurasa 100, na ambavyo vimewatoa jasho hata wahadhiri wa vyuo vikuu. Wakati hauendi kwa mpangilio wa kawaida, mji hauna jina, na wanafalsafa kama Socrates na Nietzsche wanaingia katika masimulizi bila kubisha hodi. Anayekisoma kwa kutafuta "nini kilitokea baadaye" atakata tamaa ukurasa wa kumi. Anayekisoma kama anavyosikiliza mtu akisimulia ndoto ataona kinamvuta. Inafaa kuanza na Nagona, tena kwa mkao mmoja.

Tafsiri nazo zina vituko vyake. Hadithi ya Lewis Carroll kuhusu Alice ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ilimfanya Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitolewa mwaka 2015 na Ida Hadjivayanis. Ni mtafsiri huyohuyo aliyeleta Peponi mwaka 2022, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Wachambuzi wameonyesha kwamba Gurnah, alipoandika riwaya hiyo, alichota kutoka masimulizi ya kale ya wasafiri Waswahili, likiwemo la Selim bin Abakari. Hivyo anayeanza na Peponi anaweza kurudi nyuma hadi Siberia bila kupotea njia.

Kuvipata ndiyo kazi. Mkusanyiko wa Velten umepitwa na haki za kunakili, na maandishi yake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yamo pia katika kitabu cha Lyndon Harries cha mwaka 1965, Swahili Prose Texts, kinachopatikana katika maktaba za vyuo vikuu. Kwa vilivyotoka miaka ya 1960 hadi 1990, maktaba kubwa na wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya jiji wana nafasi nzuri kuliko maduka yenye vioo. Muuzaji akiulizwa "kitabu kizuri" atatoa kile cha mtihani. Ni heri kumtajia jina la mwandishi na kumwachia namba ya simu.

Kabla ya kulipa, kurasa zihesabiwe mpaka ya mwisho. Hilo ni muhimu hasa kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapwa mwaka 1960 na ambayo mpelelezi wake, Bwana Msa, ana mazoea ya kuvuta kiko na kuficha anachokijua. Nakala iliyochanika mwishoni huondoka na jina la muuaji.