Mkiwa, Mkata na Fukara: Kufasiri Msamiati wa Ufukara wa Kiingereza

Mfasiri anayekutana na maneno ya Kiingereza 'penury', 'indigence', 'pauperism' na 'destitution' aghalabu huyamaliza yote kwa neno moja, umaskini. Akiona halitoshi, huongeza 'uliokithiri'. Hata hivyo, 'umaskini uliokithiri' tayari ni istilahi ya wanauchumi. Benki ya Dunia huupima kwa fedha: mwaka wa 1990 mpaka ulikuwa dola 1 kwa siku; tangu Juni 2025 ni dola 3. Maneno tunayoyajadili hapa hayapimi fedha.

'Destitute' lina asili ya Kilatini, kwa maana ya aliyetelekezwa. Msisitizo wake si mfuko mtupu bali kukosa wa kumtegemea. Kiswahili kina 'mkiwa', neno linalobeba uhitaji na upweke kwa pamoja, na ni ajabu kwamba wafasiri hulikwepa. 'Penury' ni la vitabuni zaidi, 'ukata' unalitosha.

'Pauper' ndilo lenye historia nzito. Nchini Uingereza, mtu hakuitwa hivyo kisheria kwa sababu ya njaa tu, bali kwa kupokea msaada wa parokia. Sheria ya 1697 ilimlazimisha kuvaa herufi P begani, na hadi 1918 msaada huo ungeweza kumnyima haki ya kupiga kura. Neno hili limo katika sheria zetu pia: Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 linamruhusu 'pauper', yaani asiyemudu ada ya mahakama, kuomba kufungua kesi bila kuilipa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo inatumia 'indigent'. Mkalimani akisema 'maskini' kwa yote mawili, mdai hatajua anaelezwa haki ipi.

Kwa 'pauper' ninapendekeza 'fukara'. Maskini na fukara yote ni ya asili ya Kiarabu, na Kurani (9:60) inawataja mbalimbali miongoni mwa wanaostahiki zaka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, humwona fakiri kuwa na dhiki kuliko maskini; Wahanafi husema kinyume. Basi neno hili limezoea kuamua nani asaidiwe.

Kwa 'indigent' ningechagua 'mhitaji', kwani asili yake ya Kilatini ni kuhitaji. Anayeliona laini mno kwa mshtakiwa asiye na hata nauli ya kufika mahakamani na alete lake.