KWENDA ULAYA KUSOMA NA KUCHEZA JUDO: MLANGO NI UPI?



Sisi wa darasa la mwisho tumeona vema kuandika juu ya jambo linalosemwa sana jioni kando ya ziwa, vijana wakiisha kushikana na kuangushana katika mchanga. Kila mara yuko mmoja anayesema: "Mimi nitakwenda Bulaya. Nitasoma iniversite, na nitacheza judo mpaka mkanda mweusi." Wengine wanacheka. Sisi hatucheki, kwa sababu hata kati yetu wako wawili watatu wenye ndoto hiyo, tena si ndoto mbaya. Lakini ilimuumiza mwenzetu mmoja, ndiyo maana tunataka kueleza waziwazi namna safari hiyo inavyofanyika, na mahali watu wanapoanguka.

Tuanze na huyo mwenzetu. Ametupa ruhusa kusimulia, ila jina lake tusiliandike. Katika judo alitushinda wote, na katika hesabu pia hakuwa wa nyuma. Siku moja mtu alifika kwa wazazi wake, akasema kuna klabu Ulaya inayotafuta vijana wenye nguvu. Eti viza itatoka kwa ajili ya mashindano, na masomo atayamalizia kule kule. Baba yake akauza mtumbwi na nyavu. Mwenzetu akaacha shule mwezi wa pili, ikibaki myezi michache tu kufika Egzamu ya Serikali. Mtu yule alipokea dola, akachukua na pasiporti, akasema anavuka Bujumbura siku mbili. Mpaka leo hajarudi. Mwenzetu akabeba mizigo kwenye bandari ya Kalundu kwa myezi mingi. Mtumbwi ulipotea, na mwaka wa shule ulipotea pia.

Kosa lilikuwa wapi? Si kupenda judo. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba judo ndiyo mlango. Kwa mwanafunzi mlango ni shule, na judo ni chumba kimoja ndani ya nyumba. Viza ya masomo anapewa mtu ambaye chuo kimekwisha kumkubali. Barua ya klabu haitoshi, hata kama imepigwa muhuri tatu.

Basi tufuate hatua moja moja.

Hatua ya kwanza ni diploma ya Serikali. Sisi wote tunajua kwamba asilimia 50 inatosha kuipata. Lakini vyuo vya Ulaya vinapokea maombi ya watu wengi kutoka inchi nyingi, na mwenye alama za juu ndiye anayetazamwa mbele. Tena wanaweza kuomba bulletini za myaka iliyopita. Kwa hiyo ewe ndugu wa madarasa ya chini usiseme, "Nitaanza kusoma nikifika mwisho." Bulletini yako ya sasa itakuja kusema habari zako mbele ya watu usiowajua.

Hatua ya pili ni kuifanya diploma hiyo itambulike kule. Ukitaka kusoma Ubelgiji katika lugha ya Kifaransa, unaomba ekivalansi, maana yake karatasi inayoonyesha kwamba diploma yako ina uzito sawa na ya kwao. Inatolewa Brussels, na maombi yana tarehe yake ya mwisho. Ukichelewa siku moja, umechelewa mwaka mzima.

Hatua ya tatu ni kukubaliwa na chuo, na ya nne ni kuonyesha nani atakulipia chakula, nyumba na masomo: bursi, jamaa wanaoweka sahihi kuwa wadhamini, au pesa yako mwenyewe. Hapa wengi wanajidanganya: "Nikifika nitafanya kazi." Kazi iko, lakini sheria inaipima. Ubelgiji, mwanafunzi mgeni anaruhusiwa masaa 20 kwa juma wakati wa masomo. Ufaransa, ni masaa 964 kwa mwaka. Pesa hiyo inasaidia, lakini ni vigumu ikubebe peke yake. Mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka tunamjua: aketi kwanza, ahesabu.

Mwishoni ndipo pasiporti, cheti cha mahakama, cheti cha daktari, na kuomba viza kule Kinshasa. Karatasi hizo zote zipite mikononi mwako au mwa wazazi wako. Mtu akisema, "Niachie pasiporti yako, mimi nitamaliza kila kitu," umwage kwa heshima, urudi nyumbani.

Sasa wengine watauliza: je, masomo na judo vinaweza kukaa pamoja? Tulifanya hesabu na mwalimu wetu. Katika vyuo vya Ulaya mwaka mmoja una krediti 60, na krediti moja ni kazi ya masaa 25 mpaka 30. Basi mwaka mzima ni masaa 1500 mpaka 1800. Ukifanya judo mara tatu kwa juma, masaa mawili kila mara, kwa majuma 30, unapata masaa 180. Maana yake kila saa moja ya tatami inadai masaa nane ya kitabu au zaidi. Inawezekana kabisa. Lakini anayegeuza hesabu hiyo atapoteza mwaka, na anayepoteza myaka ya masomo anaweza kupoteza hata karatasi za kukaa.

Kuhusu judo yenyewe, habari ni njema. Vyuo vingi vina nafasi ya michezo kwa bei ndogo, na klabu ziko hata katika miji midogo. Ufaransa peke yake ina zaidi ya watu laki tano walioandikwa katika judo. Unajiandikisha, unalipa lisansi pamoja na asiransi, unavaa kimono, basi. Na lugha ya tatami ni moja duniani kote, ni ya Kijapani: hajime, matte, ippon. Ukimbana mwenzako chini sekunde 20, ni ippon Uvira, ni ippon Paris. Aliyeanzisha judo mwaka 1882, Kano Jigoro, alikuwa mwalimu, akaongoza shule kubwa ya kufundisha walimu kule Tokyo. Kumbe tangu mwanzo judo na shule ni watoto wa nyumba moja!

Tuangalie sasa watu wa kwetu waliosafiri, tupate fundisho.

Popole Misenga na Yolande Mabika ni watu wa Bukavu. Vita iliwatenganisha na jamaa zao wangali watoto, wakapelekwa Kinshasa, na huko walijifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda na timu ya inchi yetu, si Ulaya bali Brazili, kwenye mashindano ya dunia Rio de Janeiro. Wakaachana na timu, wakaomba ukimbizi. Judo iliwafikisha ng'ambo, lakini mwanzoni hawakuwa na karatasi, hawakuwa na pesa, wala lugha ya Kireno hawakuijua. Waliteseka kabla ya kupata watu wa kuwasaidia. Mwaka 2016 waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, na Popole akashinda mchezo wake wa kwanza. Tunawaheshimu sana. Lakini kwa kila Popole anayeonekana katika televizyo, wako wangapi wasioonekana?

Wa pili ni wa karibu zaidi. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alimaliza udaktari Bujumbura mwaka 1983, akaja kufanya kazi Lemera, kule juu katika milima ya Uvira. Akaona akina mama wanakufa kwa kuzaa. Ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Vita ya 1996 ikaiharibu hospitali ile, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Hakuacha. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikaanza Bukavu, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Yeye hakwenda kucheza judo, lakini angalieni: kabla ya kupanda ndege alijua jambo analokwenda kutafuta, na alijua ni nani wanaomngoja nyumbani.

Ndugu zetu, katika judo kitu cha kwanza unachofundishwa si kuangusha mtu. Ni kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, mgongo uviringike, kisha usimame. Anayekataa fundisho hilo anavunjika siku ya kwanza. Na safari ni hivyo hivyo. Chuo kinaweza kukataa, viza inaweza kukataliwa. Mwenye diploma mkononi ataanguka na kusimama: ataomba tena, au atasoma Uvira, Bukavu ao Bujumbura, na judo ataendelea nayo. Asiye na diploma ataangukia juu ya jiwe.

Mwenzetu yule amerudi shuleni. Mwaka huu anakaa kwenye dawati la nyuma, anarudia darasa la mwisho pamoja na watoto aliowafundisha kufunga mkanda. Wiki ya kwanza tulisikia wengine wakimcheka na kumwita "Bwana Bulaya". Makapita tunaomba jambo hilo liishe leo. Kurudi kuketi mahali ulipoondoka kunataka moyo kuliko kupigana na mtu wa kilo 90.

Jumamosi, tukiisha kusahihisha zoezi la hesabu, yeye mwenyewe atatufundisha namna ya kuanguka. Anayetaka aje. Lakini aje na daftari la hesabu pia, maana pasipo daftari haingii.

Wenu katika kazi,
Kapita wa shule, kwa jina la darasa la mwisho, Nyamianda