Ukoga Katika Tangi la Samaki wa Baharini

Mtu akiisha kulijaza tangi lake la kioo maji ya chumvi, akaweka mawe na taa, hayapiti majuma mengi ila ataona vumbi la hudhurungi limetanda juu ya mchanga na vioo. Wengi hapo hushikwa na hofu, wakapangusa asubuhi, wakabadilisha maji jioni, na wengine hukimbilia dawa. Ngoja kwanza, ewe msomaji, umjue aliyekuingilia nyumbani.

Vumbi hilo aghalabu ni daiatomu, vijimea vidogo mno ambavyo kila kimoja hujijengea ganda la silika, itokayo katika mchanga mpya na maji ya mfereji. Silika ikiisha, navyo huondoka. Konokono wachache na subira vyatosha.

Lakini yuko mwingine wa rangi iyo hiyo, naye ndiye msumbufu hasa: dinoflajeleti. Huyu hufanana na kamasi yenye nyuzi na mapovu, hupungua usiku na kurejea taa ziwashwapo. Tena mara nyingi hushamiri pale maji yalipotakaswa kupita kiasi, hata naitreti na fosfeti zikakosekana. Basi mwenye kuzidi kubadilisha maji humsaidia pasipo kujua, na konokono walao kamasi hiyo huweza kufa, kwani baadhi ya aina zake zina sumu. Hapa yapasa kutenda kinyume cha desturi: maji yasibadilishwe kwa muda, na chakula cha samaki kiongezwe kidogo, ili vijidudu vingine vipate nguvu ya kushindana naye.

Wataka kupambanua? Tia kamasi kidogo katika chupa ya maji ya tangi, tikisa kwa nguvu, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha yaache maji yaliyochujwa mwangani kwa muda wa saa moja. Nyuzi zikishikana tena, yaelekea ni dinoflajeleti. Hadubini ni shahidi bora zaidi, ila si kila nyumba inayo.

Nywele za kijani hazina fumbo: ni chakula kilichozidi. Zing'olewe kwa mkono, na samaki wapunguziwe. Utando mwekundu ubandukao kama kitambaa si mwani hata kidogo, bali ni bakteria, nao hupenda pembe ambazo maji hayatembei.

Ung'oacho usikimwage baharini. Mwaka 1984 mwani uitwao Caulerpa taxifolia, uliokuwa ukipamba matangi, ulionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, umeenea kama mita moja ya mraba tu. Baadaye ukatapakaa pwani za Ufaransa na Italia. Ulipozuka California mwaka 2000, ulifunikwa kwa maturubai na kutiwa klorini, na hata hivyo haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka 2006. Mabaki ya tangi lako yaanike juani hata yakauke kabisa, ndipo uyatupe pamoja na takataka za nyumbani.